Stika ya Elfu Hamsini

Mwanangu Awuor,

Sitakuuliza hali, kwa sababu uko chumba cha pili na ninakusikia ukicheka na simu huku sanduku liko wazi kitandani. Nami niko hapa jikoni, mlango nimeurudisha, nimekalia kile kiti chenye mguu mfupi. Ukiingia kutafuta maji nitakuambia naandika orodha ya soko. Hivyo ndivyo nilivyo, nikibanwa kidogo tu natoa uongo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Mambo ya sweta, chakula na kanisa sikuandikii. Tangu Jumapili watu wamekujaza masikio hadi yamefurika, na baridi ya Ujerumani yenyewe itakufundisha kuvaa. Mimi nataka kukuambia habari ya kitu kimoja tu: pawabenki. Usicheke. Najua kwa nini unataka kucheka, na kicheko hicho ndicho kinachonichoma.

Leo asubuhi shangazi yako, Waya Adhiambo, alikuja, akakaa pale mlangoni, akatoa kijiboksi ndani ya leso. Ulikuwepo, ulimsikia.

"Nyathina, mwanangu, hii ni yako ya safari. Iko na namba kubwa, elfu kumi, halafu iko na hii ingine ndogo, thelathini na saba, imeandikwa Wh. Wakikuuliza kwa ndege, hii ndogo ndiyo wanaangalia. Haijafika mia, hawana maneno na wewe. Weka kwa mkoba. Kwa sanduku hapana. Umenisikia? Kwa sanduku hapana kabisa."

Ukamkumbatia ukasema, "Asante sana, Waya Pawabenki!" Akacheka, akajifunga leso, akarudi kwa samaki zake. Mimi nilikuwa nakoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva kitambo. Sikuweza kuinua uso.

Ukoo mzima unamcheka mwanamke huyo kwamba hajui kusafiri, na yeye ndiye peke yake nyumbani kwetu anayeijua sheria hiyo kwa moyo, herufi na namba zake. Hukujiuliza aliijua vipi? Mimi sikuhitaji kujiuliza. Hata Jumapili, wakati baba yako mdogo Ouma aliposimama kati ya watu na sahani yake akasema, "Awuor, tafadhali usituletee mambo ya Pawabenki huko uwanjani!", na hema lote likaangua kicheko, mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti, Awuor. Waya alikuwa anapita na sinia la vyombo vichafu, vyombo vya sherehe yako, naye akacheka.

Hadithi unaijua kama kila mtu anavyoijua. Waya alipata kazi ya kutunza wazee huko Uarabuni. Tukamuaga kwa nyimbo. Akafika Nairobi akiwa ameficha pawabenki kubwa ndani ya sanduku, sanduku likashikwa kwenye mashine, akaitwa kwa kipaza sauti, akabishana na askari mpaka ndege ikamwacha. Kazi akapewa mwingine, yeye akarudi Kisumu kwa basi. Ushamba wake, wakasema. Ulikuwa darasa la saba na uliigiza hiyo hadithi vizuri sana, na sufuria kichwani ukiwa askari. Nilikupigia makofi.

Sasa nikuambie kilichoachwa. Pawabenki ile ilitoka kwenye kibanda changu.

Kibanda unakikumbuka, kile cha barabara ya kushuka ziwani Dunga, nilipokuwa nachaji simu za watu na kuuza chaja, tochi na vifaa vya masikioni. Wateja wangu wakubwa walikuwa wavuvi wa omena, wale dagaa wetu. Wanakesha majini, simu inazima, mke nyumbani hajui kama yuko hai. Hawakuuliza pawabenki imetengenezwa wapi. Waliuliza, "Mama, hii ni ya ngapi?" Ukisema ina nguvu ya elfu kumi, mtu anairudisha mezani na kuvuka kwa jirani, kwa sababu jirani alikuwa na za elfu thelathini. Nilinunua moja ya jirani nikaifungua kwa bisibisi. Ndani ilikuwa ile ile yangu. Kumbe watu wananunua namba! Basi nikaenda kwa mchapishaji mjini nikaagiza stika nyeusi, maandishi meupe: 50,000.

Nilizibandika mwenyewe. Unafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji kidogo, unalaza stika juu ya namba ya kweli, unapitisha ukucha taratibu kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Nilikuwa na mkono mzuri. Mvuvi akirudi kulalamika kwamba inakufa haraka, nilimwambia, "Bwana, simu yako ndiyo mlafi, inakula kama wewe." Anacheka, wenzake wanacheka, anaondoka. Yawa, nilikuwa na mdomo. Na sikujiona mwizi hata siku moja, nilijiona mjanja.

Adhiambo alipopata safari nilitaka kumpa kitu. Nilimpenda wifi yangu, hilo usilitilie shaka, ndilo linalofanya mambo kuwa mabaya zaidi. Nikamchagulia iliyo nzuri kuliko zote, yaani iliyobandikwa vizuri kuliko zote. Nilikuwa nimeshawaambia watu elfu hamsini mara nyingi hadi mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuamini. Akaishika kwa mikono miwili.

"Niweke wapi, kwa mkoba ama kwa sanduku?"

"Sanduku. Katikati kabisa, uifunge na leso. Kwa mkoba wezi wa uwanjani wataiona."

"Una uhakika?"

"Adhiambo, mwenye duka la hivi vitu ni mimi ama wewe?"

Mimi ambaye ndege nilikuwa nimeziona tumbo tu, zikipita juu ya ziwa. Ningesema sijui, tungemuuliza mtu aliyewahi kusafiri, na mambo yangeishia hapo. Lakini watu wa Dunga walikuwa wamezoea kuniita Mama Stima, na nikaona haya kumwambia wifi yangu kwamba kuna jambo la betri ambalo Mama Stima halijui. Haya ndogo kama hiyo ndiyo iliyonizalia hii kubwa. Wewe unaenda Ujerumani kuuguza watu wagonjwa, na watakuuliza swali hilo hilo mara mia: una uhakika? Siku ambayo huna, mwanangu, sema huna. Najua utaona haya. Mimi ningekuwa radhi kuiona mara elfu kuliko hii niliyo nayo.

Sheria yenyewe niliijua baadaye, nilipokuwa natafuta kama naweza kujitoa lawamani. Sikuweza. Betri ya aina ile ikiharibika inaweza kupata moto yenyewe. Ikiwa mkononi mwako, mtu ataona moshi na watu wa ndege watafanya kitu. Ikiwa ndani ya sanduku, huko chini kwa mizigo, nani ataona? Ndiyo maana inakaa na mwenyewe. Na ukubwa wanaupima kwa ile namba ndogo ya Wh: chini ya mia unapita, ukivuka mia unaomba ruhusa ya kampuni ya ndege, ukivuka mia na sitini haipandi kabisa. Elfu hamsini ukiipigia hesabu inafika mia na themanini na tano. Askari hana haja ya kuifungua kwa bisibisi. Anasoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa nilikiandika mimi. Uongo wangu uliowapita wavuvi wote wa Dunga ulikutana na mtu wa kwanza aliyeuamini kabisa, na kuamini kwake ndiko kulikomharibia Adhiambo.

Alinipigia kutoka Nairobi kwa simu ya mtu. Alikuwa analia hadi maneno yanakatika. Unajua swali langu la kwanza lilikuwa gani? Si uko wapi. Si umekula. Nilimuuliza, "Umewaambia umeitoa wapi?"

Akasema, "Hapana." Nami nikapumua. Nimeandika mambo mengi hapa, lakini hilo ndilo ambalo kalamu ilikuwa inalikwepa: wifi yangu analia, na mimi napumua.

Siku aliporudi nilienda stendi ya basi kumpokea. Nilimshika mabega nikamwambia, "Pole. Pole sana, wifi yangu." Nimemwambia pole miaka tisa. Pole ya kazi, pole ya macho yanayowasha kwa moshi wa samaki, pole ya ile nyumba aliyotaka kujenga na ikabaki mawe manne ya msingi. Nawe unajua pole tunaitoa lini. Unampa aliyenyeshewa, aliyefiwa, aliyejikwaa mbele yako njiani. Mimi ndiye niliyemwangusha, halafu nikasimama kando pamoja na wapita njia nikimpa pole kama wao. Neno lililokuwa langu ni nisamehe, na hilo sikulitoa hata mara moja.

Na lile jina? Nililitoa mimi pia. Ilikuwa Krismasi ya mwaka ule ule, tumekaa kwa chakula, na baba yako, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akainua kichwa akauliza, "Kwani hiyo pawabenki Adhiambo alitoa wapi?" Meza nzima ikamgeukia Adhiambo, naye akanitazama mimi. Alinitazama akinipa nafasi. Nikapiga meza nikasema, "Si mumuulize Pawabenki mwenyewe!" Watu wakafa kwa kicheko. Ouma alimwaga soda. Swali la baba yako likapotelea humo ndani, na tangu siku ile dada yake hakuitwa Adhiambo tena nyumbani kwake mwenyewe.

Baba yako amekufa akiamini dada yake ni mshamba. Hilo siwezi kulirekebisha kwa barua wala kwa chochote. Stika zilizobaki nilizitupa kwenye shimo la choo wiki hiyo hiyo, na kibanda nikaja kukifunga, nikasema kwa watu mgongo unaniuma. Ulinikanda huo mgongo kwa mafuta ya moto jioni nyingi sana. Haukuwa unauma.

Hapa niliacha kuandika kwanza, Awuor. Sasa ni alasiri, na kuna mengine ya kukuambia ambayo nilipoanza barua hayakuwa yametokea.

Nilikuwa nimepanga kuikunja, niingie chumbani kwako ukiwa bafuni, niifiche katikati ya sanduku, ndani ya leso, uje uikute huko Ujerumani. Nilishaichukua leso. Nikasimama hapo nayo mkononi, na nikatambua ninachofanya. Nilikuwa naficha kitu kinachowaka ndani ya sanduku la mtu anayepanda ndege, mara ya pili, na mkono ni ule ule. Nikairudisha leso, nikavaa viatu, nikashuka Dunga kwa miguu.

Nilimkuta anakaanga samaki, ngege wa ziwani. Moshi ulikuwa umemzunguka na kulikuwa na wateja wawili mbali kidogo.

"Mama Awuor, umekuja kununua ama kuangalia?"

"Nimekuja kusema kitu."

"Sema, mafuta haingojei mtu."

Nikasema yote kwa pumzi moja. Stika, sanduku, simu ya Nairobi, Krismasi. Nilisema nikitazama samaki, si yeye. Nilipomaliza alimgeuza samaki mmoja, akageuza wa pili.

"Nilikuwa najua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Yote. Yule askari aliona kona moja ya stika imeinuka. Akabandua na ukucha, hivi. Chini akapata elfu kumi. Akacheka, akaniambia, 'Mama, hii kitu ni ndogo, ungebeba kwa mkono ungekuwa umepita saa hii. Nani amekubandikia?' Nikamwambia hiyo ni uongo, wifi yangu hawezi. Akasema iache, uende. Nikakataa. Nikamwambia huyu ni mtu wa betri, huyu anajua, wewe ndiye hujui. Nilikuwa najua ndani ya roho, lakini nilikataa." Akapangusa jicho kwa mgongo wa mkono, na sijui kama ulikuwa moshi. "Watu wanasema nilibishania pawabenki. Mimi nilikuwa nabishania wewe. Ndege ilienda nikikutetea."

Awuor, sijawahi kupigwa na mtu kama nilivyopigwa na maneno hayo. Nilikaa chini kwenye mkebe wa mafuta. Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo.

"Nilingoja useme wewe. Kwa stendi ukanipatia pole. Nikasema sawa, amechanganyikiwa, atasema kesho. Halafu Krismasi ukanipatia jina."

"Nisamehe, Adhiambo. Nisamehe."

Alitoa samaki kwenye mafuta, wote, mmoja mmoja, kabla hajanijibu.

"Sikatai. Lakini hiyo jina hukunipatia hapa kwa moshi, mimi na wewe. Ulinibandika mbele ya watu. Kuja unibandue mbele ya watu."

Halafu akafunga ngege wawili wakubwa kwa gazeti, akasema ni wa mtoto. Ndio hao waliofunikwa mezani. Ukiwala leo, ujue wametoka mkononi mwa nani na siku gani.

Kesho kabla gari halijaondoka watakusanyika hapa uani kwa maombi. Ouma atakuwepo, majirani watakuwepo, na Waya atakuja. Baada ya maombi watasema mama mzazi atoe neno. Hapo ndipo nitakaposema. Nakuambia kweli, naogopa. Siogopi hasira zao. Naujua mdomo wangu. Ukibanwa unajua kuchekesha watu, na nikianza, "Ndugu zangu, leo na mimi nina habari ya pawabenki," watacheka kabla sijafika popote, nami nitakitumia kicheko hicho nitoroke kama nilivyotoroka ile Krismasi.

Kwa hiyo barua hii siifichi. Nitakupa mkononi sasa hivi, kabla hatujala, uisome yote, na kama hutataka kukaa meza moja nami jioni ya leo, sitakulaumu. Ninakuomba kitu kimoja. Kesho nikisimama, watu watakutazama wewe, kwa sababu siku ni yako. Ukiniona naanza mzaha, usicheke. Wewe usicheke tu, wengine watanyamaza, na mimi nitakosa pa kukimbilia.

Pawabenki ya Waya iweke kwenye mkoba, mahali mkono unafika, si kule juu kwa mizigo ya mkono, na ukiwa angani usiitumie. Ipitishe kwa mashine ukiwa umeinua kichwa. Namba yake ni ya kweli, nimeichunguza kwa ukucha pembe zote nne. Na wakikuuliza umeitoa wapi, waambie. Waambie umepewa na Adhiambo, dada ya baba yako.

Mama yako,
niliyebandika.